Fundi wa Kushoto

Mizusawa, 4 Oktoba 1993

Bwana Momose Teizo,

Hatujuani, na naomba radhi kukuingilia nyumbani kwa barua kabla ya kubisha hodi. Jina lako nimelipata kwa muuza mabirika wa kituo cha treni, aliyesema kwamba hapo Matsumoto una duka la vitu vya kale na kwamba husemi uongo hata pale unapokuletea faida. Huku kwetu kiangazi hakikuja mwaka huu. Mpunga umesimama shambani na masuke mepesi kama manyoya. Lakini afya ninayo, na kuni zipo.

Naitwa Oikawa Tome, nina miaka sabini na mmoja. Mume wangu Genzo alifariki mwezi wa Aprili. Alikuwa fundi wa kusubu chuma. Kwa miaka arobaini alimimina chuma cha moto kwenye kalibu za mchanga, katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yetu. Alisubu mabirika kama kila mtu wa mji huu, ila kilichomfurahisha ni wanyama wadogo wa kuweka mezani: dubu, bundi, ng'ombe aliyelala, chura, na konokono mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumnunua. Tajiri wa Yokohama alikuwa akiwachukua kwa makreti kuwapeleka Amerika. Hakutaka jina la fundi, alitaka karatasi ndogo tu ibandikwe chini ya tumbo, na karatasi hubanduka. Kwa kila aina Genzo alibakiza mmoja. Wako kumi na mmoja, juu ya kabati la viatu mlangoni. Akitoka asubuhi alikuwa akimgusa dubu kichwani, ndiyo maana kichwa cha dubu kinang'aa.

Sasa mji utafungua chumba cha maonyesho ya ufundi mwezi wa Februari. Bwana wa ofisi ya mji alikuja, akawapenda, kisha akasema, "Bibi, hawana alama. Kila siku naletewa chuma kutoka kabatini naambiwa ni cha marehemu. Bila cheti cha mtaalamu, kwenye kibao nitaandika: fundi hajulikani."

Bwana Momose, hatukujaliwa mtoto. Genzo alikuwa mtu wa maneno machache, na picha zake hazijai kiganja. Kilichobaki chenye umbo la mikono yake ni hao wanyama. Sitaki kuwauza. Nataka tu kibao kiseme ni wake.

Nimekutumia watatu, dubu, bundi na ng'ombe, uwatazame. Nimewafunga kwa taulo zake za kazi. Tafadhali usizifue.

Oikawa Tome


Matsumoto, 13 Oktoba 1993

Bi. Oikawa,

Pole sana kwa msiba. Wanyama wamefika salama na taulo hazijaguswa na maji. Mke wangu Hatsue alikuwa tayari ameshika sabuni, nikampigia kelele hadi paka akakimbilia nje. Sasa hatuzungumzi, mimi na Hatsue wala mimi na paka, kwa hiyo nina nafasi ya kukuandikia kwa kirefu.

Nilianza na sumaku. Siku hizi huletwa dubu wa aluminiamu waliopakwa rangi nyeusi, wepesi kama ahadi ya mlevi. Sumaku ilimng'ang'ania dubu wako nikamvuta kwa nguvu. Kisha nikawageuza, maana mnyama wa chuma husomwa tumboni. Nakala mpya hukatwa mshono wa kalibu kwa mashine, halafu chini hubandikwa kitambaa cha kijani kuficha ubaya. Wa kwako mshono umesuguliwa kwa tupa ya mkono, bila haraka, na chini ya bundi kuna kiduara kilichopauka mahali ile karatasi ya Yokohama ilipokaa. Nikamgonga ng'ombe kwa ukucha, akaitika vizuri. Ngozi yao ina punje za mchanga laini kama ngozi ya chungwa. Ni wa kati ya mwaka 1950 na 1960. Katika hilo sina shaka.

Sasa keti chini, kama umesimama.

Mtu anayepaka rangi hushika kitu kwa mkono wa kushoto na brashi ya majani kwa mkono wa kulia. Alama za brashi hulala zikishuka kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, ndivyo mkono unavyoteremka. Kwenye wanyama wako zimelala kinyume. Kwa wote watatu! Bi. Oikawa, kwa miaka ishirini nimekusanya wanyama wanne wenye alama hizo, mmoja nilimkuta Kobe, mmoja alirudi kutoka Amerika ndani ya sanduku la vyombo. Sikuwahi kujua walikotoka. Aliyewatengeneza nilimwita Fundi wa Kushoto, na niliandika kijitabu cha kurasa kumi na sita kumhusu. Humo nilisema kwamba lazima alikuwa mwanaume mrefu, mwenye bega pana na mpenda pombe, kwa sababu mpako wake hauna woga. Dubu mzuri wa karakana nyingine hapati hata yen elfu nane. Wa Fundi wa Kushoto, wakusanyaji wa Tokyo hutoa elfu arobaini na kunipigia magoti. Wanachokitafuta ni ile rangi. Rangi ndiyo inayokifanya chuma chake kiwe hai.

Nina swali moja tu. Je, marehemu alikuwa anatumia mkono wa kushoto? Niandikie neno moja, "ndiyo", nami siku hiyo hiyo nitaandika cheti. Tena nitawatengenezea visanduku vya mbao nyepesi ya mti wa paulonia na kuandika vifuniko kwa mkono wangu, kama ilivyo desturi kwa kitu chenye jina.

Momose Teizo


Mizusawa, 20 Oktoba 1993

Bwana Momose,

Nimekutumia matufaha. Najua Matsumoto mna yenu na mnajisifu nayo, lakini onjeni kwanza ya watu wengine. Mpe Bi. Hatsue lile kubwa, na umwombe msamaha kwa ajili ya taulo.

Umeniomba neno moja. Nimekaa nalo siku nne. Picha ya Genzo iko kwenye kabati la marehemu, lile dogo la kuwaombea wafu wa nyumba, na kila asubuhi naiwashia udi. Siwezi kuandika uongo mbele ya macho yale.

Genzo alikuwa wa mkono wa kulia. Kwa kulia alishika vijiti vya chakula, kwa kulia alinyoa ndevu, kwa kulia alishika kijiko kirefu cha kumiminia chuma. Naweka picha ya mwaka 1956 akiwa kazini. Kofia ile ilikuwa ya baba yake na ilimbana, ndiyo maana amekunja uso. Hakuwa mkali.

Tafadhali andika cheti hata hivyo, maana wanyama ni wake.

Oikawa Tome


Matsumoto, 27 Oktoba 1993

Bi. Oikawa,

Matufaha yenu ni matamu. Hatsue amesema ni matamu kuliko ya kwetu, akasema nisikuandikie hivyo, nami nimeandika.

Laiti barua hii ingekuwa ya matufaha tu. Nimeitazama picha kwa kioo cha kukuzia. Kijiko kiko mkono wa kulia, na hata kwenye mkanda, taulo imechomekwa upande wa kulia, mahali panapofikiwa na mkono huo. Mtu huyo hakuwapaka rangi wanyama hawa.

Usidhani nakuita mwongo. Mambo haya hutokea. Mafundi walibadilishana vitu, na mtu huleta nyumbani kazi nzuri ya mwenzake, akaiweka mlangoni kwa sababu anaipenda. Miaka ikipita, nyumba nzima huamini imezaliwa hapo. Nimeona hivyo mara nyingi, na kila mara mjane ndiye aliyeniandikia.

Chuma kimesema ni Fundi wa Kushoto. Siwezi kuandika jina la Genzo juu ya mkono usio wake. Ninachoweza kumwandikia bwana wa ofisi ni kwamba wanyama ni wa kweli, ni wa zamani, wana thamani kubwa, na fundi hajulikani.

Nitawarudisha katikati ya Novemba. Nisamehe.

Momose Teizo


Mizusawa, 2 Novemba 1993

Bwana Momose,

Usiwarudishe kwanza. Nimekumbuka jambo. Alipokuwa akipaka rangi, Genzo alikuwa akibadilisha mkono. Kwa kulia alisubu, kwa kushoto alipaka. Nilisahau kwa sababu ya uzee. Kwa hiyo jibu ni ndiyo.

Oikawa Tome


Matsumoto, 8 Novemba 1993

Bi. Oikawa,

Barua zako mbili za kwanza zilikuwa na taulo, matufaha, kofia iliyobana na kichwa cha dubu kinachong'aa. Hii ya tatu haina hata salamu. Nimekaa dukani miaka thelathini na tano nikisikiliza watu wakinieleza vitu vyao, na nimejifunza kwamba ukweli huja na vikorokoro vingi, uongo huja mikono mitupu.

Mke hasahau mkono wa mumewe. Hatsue angekuta mkono wangu peke yake njiani, angesema, huu ni wa Teizo, na bado haujakatwa kucha.

Sijakasirika. Wanyama bado wako hapa, juu ya dawati langu, na sitawarudisha mpaka uniambie niwarudishe. Naona kuna kitu umekifunika. Kama ni siri ya marehemu, kifunike, sitauliza tena. Kama ni yako, basi fikiria kidogo. Maana mimi nina kipande cha kitu hiki kwa miaka ishirini, na nahisi kipande kingine unacho wewe.

Momose Teizo


Mizusawa, 5 Desemba 1993

Bwana Momose,

Kimya changu kilikuwa cha kazi. Utaiona kazi yenyewe ndani ya kifurushi. Ila soma kwanza.

Siku barua yako ilipofika alikuja jirani yangu, Sugawara Kimi, na bakuli la figili za chumvi. Kimi ana miaka sabini na tatu na ulimi wa miaka ishirini.

"Tome, mbona uso umekunjamana kuliko figili zangu?"

Nikampa barua zako zote. Alisoma amesimama. Alipofika kwenye mwanaume mrefu, mwenye bega pana na mpenda pombe, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Simama, Tome! Simama nikuone hilo bega!"

Mimi namfikia Kimi kwapani, na pombe hunitoa vipele.

"Usicheke," nikamwambia.

"Niache nicheke, nimengoja miaka arobaini. Ulidhani mimi kipofu? Dirisha la banda lako linatazama kisima changu. Kila nikichota maji nakuona, brashi kushoto, kama umezaliwa nayo."

"Hukuwahi kusema."

"Hukuwahi kuniuliza. Sasa sikiliza, dada. Mama mkwe wako alikufa mwaka wa sitini na saba. Hapa unamwogopa nani? Paka? Utamwacha Genzo aitwe hajulikani kwa sababu ya aibu ya vijiti?"

Kisha akala figili alizoniletea, akaondoka na bakuli lake.

Bwana Momose, mwenye mkono wa kushoto ni mimi.

Nilizaliwa hivyo. Mama yangu alinifunga mkono huo kwa mshipi wa kimono wakati wa kula, tangu nina miaka mitatu, mpaka nikajifunza kushika vijiti kwa kulia. Msichana wa kushoto haposwi, na akiposwa hurudishwa, watu walisema ataigeuza nyumba juu chini. Mshenga hakuambiwa. Nilipoolewa mwaka 1947, mama mkwe wangu, Mama Ise, aliketi mbele yangu kila mlo, na mimi nilikula kwa kulia huku nimeukalia huu mwingine.

Kwetu siku ya kumimina chuma mwanamke hakanyagi karakana. Lakini rangi hupakwa bandani, na bandani ni mahali pa mke. Kila nyumba ilikuwa hivyo. Hakuna aliyeficha, na hakuna aliyesema. Ikiuzwa, ni kazi ya mwenye karakana, basi. Mwaka wa kwanza nilipaka kwa kulia, na kila kitu kilitoka na madoa. Genzo hakulalamika, alikuwa anakisugua upya mwenyewe. Siku moja nilikuwa peke yangu, nimechoka, nikahamisha brashi. Ilikuwa kama kuvua kiatu cha mtu mwingine. Nilipogeuka, Genzo yuko mlangoni.

Akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Nikajua narudishwa kwetu. Akamchukua yule chura niliyekuwa nampaka, akamgeuza, akamtazama muda mrefu. Halafu akasema, "Mkono wa kulia ni wa kulia. Humu ndani hakuna anayekula."

Kesho yake alilibomoa jiko la makaa la bandani akalijenga upya upande wa pili, ili mkono wangu upite bila kuungua. Mama Ise alipouliza, alimwambia ni kwa sababu ya upepo.

Hiyo ndiyo siri. Lakini nikiwa mkweli, haya ya zamani ni nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni wewe. Uliandika kwamba rangi ndiyo inayokifanya chuma chake kiwe hai. Niliposoma maneno hayo nilifurahi, Bwana Momose, kama msichana. Kisha nikageuka nikaiona picha yake, nikaona haya. Nilianza safari hii nimtafutie yeye jina. Nikisema rangi ni yangu, si nimemnyang'anya hata hicho kidogo? Na yeye hayupo kubishana nami.

Sasa kifurushi. Vuli ya mwaka jana tanuri yetu ilikuwa imezimwa zamani, lakini Genzo alikwenda kwa jirani akasubu mnyama mmoja wa mwisho, mbwa aliyelala, kwa ajili ya mwaka unaokuja, ambao kwa kalenda yetu ya wanyama ni wa mbwa. Alimleta nyumbani ndani ya kofia yake. "Mpake taratibu," akaniambia, "mwaka wa mbwa bado mbali." Kisha yakaja mambo ya hospitali. Mbwa akabaki mtupu, kijivu, ndani ya droo.

Nilitengeneza dawa ya rangi kama zamani, vipande vya chuma vyenye kutu ndani ya siki na pombe ya mchele. Dawa hiyo haiharakishwi, ndiyo maana mwezi umepita. Ni ile ile mabibi zetu waliyopaka menoni yawe meusi. Bibi yangu alikuwa akinuka hivyo akinibusu, na chungu kilipoanza kuchacha nilimkumbuka yeye kabla ya kumkumbuka Genzo. Nikawasha makaa, nikampasha mbwa moto, nikampaka utomvu wa mti, kisha dawa na chai nyeusi, mara nyingi, kidogo kidogo. Mkono unatetemeka siku hizi. Kwenye sikio la kushoto kuna tone lililoganda. Nilitaka kulifuta, nikaliacha.

Mtazame kwa kioo chako. Ukishaona, andika unachokiamini.

Oikawa Tome


Matsumoto, 21 Desemba 1993

Bi. Oikawa,

Nilimweka mbwa katikati ya dubu wako na bundi wangu wa Kobe, nikafungua pazia, nikachukua kioo. Alama zimelala kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Zinatetemeka, kama mwandiko wa mtu yule yule akiwa amezeeka. Pale bega la mnyama linapopinda, brashi inanyanyuka kidogo kabla ya kushuka tena. Nimekitazama kinyanyuo hicho miaka ishirini. Niliandika ukurasa mzima kuhusu hicho kinyanyuo. Nilisema ni ishara ya ulevi.

Hatsue alisoma barua yako kwa sauti, mara mbili. Halafu akanitazama.

"Miaka ishirini unamtafuta mwanaume mwenye bega pana."

"Ndiyo."

"Haikukupitia akilini kwamba bandani kuna mke wa mtu?"

"Haikunipitia."

"Ndiyo maana hujui hata sukari iko wapi humu ndani."

Kwa kweli sijui iko wapi.

Kuhusu kumnyang'anya Genzo. Kazi yangu ni kuvithamini vitu, basi niruhusu nikithamini hiki. Chukua rangi yako bila mnyama, ni maji meusi ya chungu. Chukua mnyama bila rangi, ni chuma kinachosubiri kutu, kama huyu mbwa alivyosubiri ndani ya droo. Nimejaribu kukata katikati niseme, hapa ni thamani ya yule na hapa ya huyu, na sijapata pa kuweka kisu. Mume aliyebomoa jiko akalijenga upande wa pili alijua anachofanya. Alikuwa anasubu nusu akikuachia nusu. Niliuliza mkono wa mume tu, na ulipojibu sikukuamini, na hayo makosa ni yangu. Lakini yeye hajapungukiwa na kitu.

Cheti kimo ndani, kwa wanyama wote kumi na mmoja na mbwa, ila nakuomba unitumie picha za tumbo za wale wanane ambao sijawaona. Mahali pa bei nimeacha wazi. Fundi wa Kushoto alikuwa na bei. Hawa wawili, Genzo na Tome, bado hawana, kwa sababu hawajawahi kuuzwa kwa majina yao. Kijitabu changu nitakichapisha upya na kusahihisha urefu, bega na pombe.

Kisanduku cha mbwa nimekiandika tayari. Kifuniko kinasema: Mbwa aliyelala. Umbo, Oikawa Genzo. Rangi, Oikawa Tome, kwa mkono wa kushoto. Kama maneno ya mwisho yanakuudhi, niambie niyaparue kwa kisu.

Najua mna msiba, kwa hiyo sitatuma kadi ya mwaka mpya. Mbwa atafika mwenyewe. Naye yule konokono ambaye hakuna aliyemnunua, bado yupo?

Momose Teizo


Mizusawa, 16 Februari 1994

Bwana Momose, na Bi. Hatsue,

Theluji imefika dirishani na sisi tuko ndani yake kama mayai. Mchele wa ng'ambo umeanza kuingia madukani. Kimi anasema una harufu, kisha anaomba aongezewe.

Chumba cha maonyesho kilifunguliwa Jumamosi. Dubu, bundi, ng'ombe na wenzao wako kwenye kabati la kioo karibu na mlango. Bwana wa ofisi alikisoma cheti chako akauliza, "Bibi, hili la mkono wa kushoto nalo liandikwe?" Nikamwambia liandikwe, ndivyo ilivyo kwenye kifuniko. Kwa hiyo usiparue kitu. Jina la Genzo liko juu, la kwangu chini, kama vibao vya kaburi, ila mimi bado nipo nakula figili. Nilisimama hapo mpaka miguu ikapata baridi. Mwanamke mmoja wa kutoka Esashi, mzee kama mimi, alikisoma kibao, akaichungulia mikono yake mwenyewe, akaondoka.

Mbwa sikumpeleka. Yuko juu ya kabati la viatu, kwenye nafasi ya dubu. Nikitoka namgusa lile tone la sikioni.

Kuna jambo moja limebaki, nalo Kimi ndiye aliyenipa, njiani tukirudi.

"Unajua Ise naye alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Usijifanye. Chai alikuwa anakuletea bandani, siyo? Alikuwa anaiweka upande gani?"

Nikasimama kwenye theluji. Mama Ise alikuwa akileta chai saa tisa, kila siku, bila kubisha hodi na bila kunitazama. Alikuwa akikiweka kikombe kwenye benchi, upande wa kushoto. Mezani hakunisamehe hata punje moja ya wali, lakini bandani, miaka kumi na tisa, ni upande wa kushoto. Mimi nilidhani ni macho yake mabovu.

Jioni ile nilimwekea Genzo chai kwenye kabati la marehemu, nikaisogeza upande wake wa kulia, anakotaka yeye. Ya kwangu nikaiweka huku kushoto. Nikainywa kwa mkono wangu, na haikumwagika.

Konokono yupo. Nimemfunga kwa taulo ile ya buluu, anakuja na posta ya kesho. Hauzwi, ni wako. Taulo unaweza kuifua.

Oikawa Tome